Varanasi Bila Msimulizi

Mto Ganga hushuka kutoka Himalaya ukielekea mashariki na kusini, lakini ufikapo Varanasi hupinda ukapanda kaskazini. Katika pindo hilo mji wote umejengwa ukingo mmoja tu, wa magharibi. Ng'ambo ni mchanga mtupu, ambao mvua kubwa za Juni hadi Septemba huufunika kwa maji. Kwa hiyo mahekalu, majumba ya wafalme wa zamani na ngazi za mawe ziitwazo ghati, zaidi ya 80 kuanzia Assi hadi karibu na mto Varuna, vyote vinatazama mashariki, jua linakochomoza. Mhindu anayeshuka ngazi alfajiri kuoga huteka maji kwa viganja, akayainua akilielekea jua. Mtalii naye, aliyekodi mashua kungali giza, amekaa mtoni katikati ya mwenye kusali na jua lake.

Ninaanza na ramani kwa sababu katika mji huu ramani ni fani. Sisi wahakiki tumezoea kutenganisha fani na maudhui, kisha tukayakimbilia maudhui: Wahindu wanaamini nini, kwa nini wanachoma maiti, kwa nini mto ni mtakatifu. Varanasi haifai kusomwa kwa haraka hiyo. Mahali unaposimama, au unapokaa, ndipo panapoamua utajua nini. Ukiwa mashuani ngazi ni mistari iliyolala, mmoja juu ya mwingine, na watu ni rangi zinazotembea juu ya mistari. Ukiwa kwenye ngazi zenyewe hakuna mstari hata mmoja. Kuna mawe yanayoteleza, magoti, na pumzi.

Matembezi ya mashua yana muundo wake, na wote waliowahi kuyafanya wanaujua. Mashua hufuata ukingo, ghati baada ya ghati, na mwongoza watalii hutaja majina. Kila jina lina kisa. Dashashwamedh ndipo mungu Brahma alipotoa sadaka ya farasi kumi. Manikarnika ndipo pambo la sikio lilipoanguka. Harishchandra ni mfalme aliyepoteza kila kitu kwa kushika neno lake, akaishia kufanya kazi mahali pa kuchomea maiti. Visa ni vizuri, vina umri mkubwa, na wenyeji wanavipenda. Lakini vikisimuliwa mashuani vinatenda jambo moja la hatari: maneno hutangulia macho. Mgeni akishaambiwa kwamba moshi ule ni wa maiti, haoni tena moshi. Anaona habari aliyopewa.

Mwaka 1986 Mmarekani Robert Gardner alitoa filamu ya dakika 90 iliyolikata tatizo hilo kwenye shina. Inaitwa Forest of Bliss, yaani msitu wa furaha kuu, na jina hilo ni mojawapo ya majina ya kale ya mji wenyewe. Aliitengeneza akishirikiana na mwanaanthropolojia Ákos Östör. Haina msimulizi. Watu wanazungumza, wanacheka, wanabishana bei, wanasoma mantra, na hakuna neno linalofasiriwa chini ya picha. Maandishi pekee ya maana ambayo mtazamaji anapewa ni msemo mmoja mwanzoni, kutoka Upanishadi, maandiko ya kale ya Kihindu, kama yalivyotafsiriwa na mshairi Yeats, unaohusu mla na mliwa. Baada ya hapo anaachwa na macho na masikio yake mwenyewe kuanzia mapambazuko ya siku moja hadi mapambazuko ya siku inayofuata.

Nimewahi kusikia watu wakisema kwamba filamu hiyo haielezi chochote. Sikubaliani nao, na sababu yangu iko kwenye fani: filamu inaeleza kwa takriri. Mshairi wa Kiswahili anajua kwamba kibwagizo kikirudi mara ya tano hakina tena maana iliyokuwa nayo mara ya kwanza, ingawa maneno ni yaleyale. Gardner anafanya hivyo kwa vitu. Tazama maua ya rangi ya chungwa. Kwanza tunayaona shambani, yakichumwa. Halafu yanatungwa makoja. Koja linavishwa sanamu ya mungu, koja jingine linapamba maiti iliyofungwa machelani, jingine linavishwa mashua mpya inayoingizwa majini kwa mara ya kwanza. Kisha maua yanaelea mtoni, na ng'ombe anayatafuna penye taka. Hakuna aliyetuambia kwamba katika mji huu ibada, kifo na lishe havina kuta kati yao. Tumelifuata ua mpaka tumelijua hilo wenyewe, na tumelijua kwa namna ambayo sentensi ya mwongoza watalii isingeweza kutupa, kwa kuwa hatukuambiwa wakati gani wa kulijua.

Ndivyo ilivyo kwa mti. Magogo yanapakiwa kwenye mashua nzito, yanateremshwa, yanabebwa kichwani kupanda ngazi, yanapimwa kwenye mizani kubwa. Mara ya kwanza mizani ile inapotokea, mtazamaji asiyeujua mji hufikiri ni biashara ya kuni za kupikia. Na mianzi mibichi inayokatwa na kufungwa pamoja hufikiri ni ngazi ya fundi. Baadaye sana, mwili uliofunikwa kitambaa unapolazwa juu ya mianzi ileile, ndipo anapotambua kwamba tangu asubuhi alikuwa akitazama maandalizi. Gardner ameuchelewesha moto. Mashua ya watalii huenda moja kwa moja kwenye moto, kwa sababu hiyo ndiyo sura ambayo wengi wameifuata. Filamu inakusanya kuni kwanza, na moto unapokuja kuonyeshwa waziwazi, mtazamaji ameshajua uzito wake, kihalisi, maana ameuona ukipimwa.

Masikio nayo yanafundishwa hivyohivyo. Sauti ninayoikumbuka zaidi ni ya makasia yakisuguana na mbavu za mashua: mlio mrefu, mkavu, wenye uchungu, ambao unaweza kusikika kabla hujaiona mashua yenyewe na ukadhani ni mnyama anayelia. Sauti hiyo inarudi na kurudi. Hakuna muziki uliotungwa kuja kutuambia tuhuzunike. Makasia yanaachwa yafanye kazi hiyo. Kuna pia mzee mnene, Mithai Lal, anayeshuka ngazi gizani kwenda kuoga, akiguna na kutaja majina ya miungu kila hatua. Guno lile ndilo lililonifahamisha urefu wa ngazi za Varanasi. Picha yoyote ya postikadi inaweza kukuonyesha kwamba ni ndefu, ila mwili wa mzee unakuonyesha ni ndefu kwa nani.

Na kuna mbwa. Mwanzoni kabisa, ng'ambo kwenye mchanga, mbwa wanamrarua mbwa mwenzao. Ni vigumu kutazama, na wapo waliomlaumu Gardner kwa kuiweka picha hiyo mlangoni. Mimi naiona kuwa ni sehemu ya ahadi yake kwa mtazamaji. Mashua ya watalii huanzia upande mzuri wa mji. Yeye ameanzia ng'ambo, pasipojengwa, ambako mto unatupa kilichobaki. Ndipo anapovuka. Tendo la kuvuka, ambalo kwa Wahindu lina uzito wa dini nzima, linatokea kwanza kama kazi ya kawaida ya wabeba mchanga wanaojaza mashua na kuipigia makasia kuelekea mjini.

Hadi hapa nimesifu, na sifa hizo nazisimamia. Lakini upande wa pili wa hoja una nguvu. Filamu ilipotoka ilizua ugomvi mkali kati ya wanaanthropolojia, na miongoni mwa waliolalamika alikuwa Jonathan Parry, Mwingereza ambaye baadaye alichapisha Death in Banaras (1994), kitabu muhimu mno kuhusu watu wanaoishi kwa kazi ya mazishi mjini humo. Lalamiko lenyewe si gumu kulielewa: mtu asiyeujua mji atabaki na picha za kutisha na za kupendeza bila kuelewa anayemwona ni nani.

Chukua mtu mmoja. Katika filamu kuna bwana mzito aliyeketi kwa enzi, watu wanamjia, fedha zinahesabiwa. Huyo ni mkuu wa Wadomu. Wadomu ni ukoo ambao kwa karne nyingi umehesabiwa na Wahindu wa tabaka za juu kuwa najisi, usioguswa. Na bado moto wa kuchomea maiti Manikarnika, ambao hauachwi uzimike, uko mikononi mwao, na Brahmani tajiri kuliko wote lazima auchukue kwao na kuulipia. Kinyume hicho, cha mtu anayedharauliwa na kuhitajika kwa pumzi moja, ndicho kiini cha Manikarnika. Je, macho matupu yanaweza kukiona? Nimejaribu kwa uaminifu kukitafuta ndani ya picha, na nimeona mamlaka, nimeona bei, nimeona uchovu. Unajisi sikuuona. Unajisi hauna rangi ya ngozi wala nguo. Uko katika nani anapokea maji kwa nani, na nani anakaa mbali na nani, na filamu isiyotafsiri neno haiwezi kutufikisha huko.

Ndiyo maana nasema ukimya wa Gardner unafaulu kwa vitu na unapungukiwa kwa watu. Ua linaweza kufuatwa kwa macho tangu shambani hadi mdomoni mwa ng'ombe. Ukoo, deni na msiba havifuatiki hivyo. Msiba hasa. Kwa desturi ya huko wanawake hawaendi mahali pa kuchomea. Anayewasha moto ni mtoto wa kiume au jamaa mwanamume, kichwa kimenyolewa, mwili umefungwa kitambaa cheupe. Mwisho wa yote hukitupa chungu cha maji nyuma kwa juu ya bega, akaondoka bila kugeuka. Kutogeuka huko ni sheria. Mji ambao mahujaji husafiri siku nyingi ili kuiona sura ya mungu na kuonwa nayo una tendo moja kuu ambalo kilele chake ni kukataa kutazama. Hapo ndipo kamera ya yeyote, ya mtalii au ya bingwa, inapokuwa kitu kizito kubeba. Wenyeji wa Manikarnika huwaambia wageni waweke kamera chini, na wanafanya haki. Gardner hakuiweka chini. Anajitahidi kukaa mbali, mara nyingi anatuonyesha mikono na miguu badala ya nyuso, na bado katika baadhi ya picha nahisi kwamba fani yake, inayodai kuona kila kitu hadi mwisho, imeingia mahali ambapo mwana wa marehemu mwenyewe ameamriwa asitazame.

Miaka 30 kabla yake, mwongozaji filamu Satyajit Ray alikuwa ameutatua mgogoro huo kwa njia nyingine, katika Aparajito (1956), filamu ya pili katika zile tatu za maisha ya Apu, iliyopata tuzo ya Simba wa Dhahabu mjini Venice mwaka 1957. Ni hadithi ya kubuni, kutoka riwaya ya Bibhutibhushan Bandyopadhyay, na Varanasi imo katika sehemu ya kwanza tu. Familia ya Kibengali imehama kijijini baada ya kufiwa na binti. Baba, Harihar, anapata riziki kwa kuwasomea watu maandiko matakatifu kwenye ghati. Mtoto Apu anazurura vichochoroni. Mama, Sarbajaya, anapika ndani ya nyumba ya kupanga.

Ray anaingia mjini kwa treni inayovuka daraja, vyuma vya daraja vikikatakata mto mbele ya macho yetu, kisha anashuka kwenye ngazi na kubaki hapo. Mto anautazama kutoka mjini, kinyume kabisa na mtalii. Ghati zake zina waogaji, wajane wanaosikiliza maandiko, mpiga mazoezi anayezungusha rungu zito. Na vyote hivyo vipo kwa sababu mtoto anavipitia. Hata Varanasi yake ya ndani ni ya namna ya pekee. Ua wa nyumba ya Harihar haukuwa Varanasi. Ulijengwa studioni Calcutta, na mpiga picha wake, Subrata Mitra, akatandika kitambaa cheupe juu ili mwanga upige kwenye kitambaa na kurudi chini ukiwa laini, bila vivuli vikali. Alikuwa ameona jinsi mwanga unavyoanguka katika nyumba za mji ule, ambako anga huonekana kama kipande kidogo juu ya ua. Mwanga wa kuazima, basi, lakini umepatikana kwa kuangalia vizuri, na naukubali kuliko picha elfu za jua halisi likichomoza juu ya Ganga.

Sehemu inayostahili kusomwa polepole ni kifo cha Harihar. Ameshaanza kuugua, amepanda ngazi za ghati akipepesuka, akaanguka. Ngazi zilezile ambazo Mithai Lal atazishuka akiguna, hapa zinapimwa kwa pumzi za mtu zinazomwishia. Alfajiri anaomba maji ya Ganga. Apu anaamshwa, anachukua chombo, anakimbia hadi mtoni, anapita penye yule mpiga mazoezi ambaye hana habari ya lolote, anateka, anarudi. Harihar anatiliwa maji mdomoni. Kichwa kinaanguka. Na papo hapo, bila kupumzika, picha inakatwa: kundi zima la njiwa linaruka angani, linazunguka juu ya majumba ya ukingoni, na filimbi katika muziki alioutunga Ravi Shankar inapasua.

Njiwa hao ni walewale ambao kila mtalii huwapiga picha. Ray amewachukua kutoka kwenye orodha ya vivutio na kuwapa kazi. Hatuonyeshi chozi la Sarbajaya wakati ule; anaiondoa kamera chumbani. Hatuonyeshi Manikarnika, ingawa yuko katika mji ambao sinema nyingine yoyote ingekimbilia huko. Mkato huo mmoja unafanya kile ambacho yule mwana aliyenyolewa anafanya anapotupa chungu nyuma: unageuza uso. Na maji, ambayo kwa Gardner yamejaa kila picha na ni ya wote, kwa Ray yamekuwa chombo kimoja mikononi mwa mtoto mmoja, nayo yanatosha. Sijui mkato mwingine katika sinema unaoheshimu maiti namna hii.

Simweki Ray juu ya Gardner kwa hilo. Ray alikuwa na msaada wa hadithi: tulimjua Harihar tangu filamu iliyotangulia, tulijua deni zake na ndoto zake. Gardner alijinyima msaada huo makusudi, na alichopata badala yake, ule mwendo wa ua na gogo, Ray hakukigusa. Wapo pia waliokuja baadaye wakajaribu kuunganisha njia hizo mbili. Katika Masaan (2015) ya Neeraj Ghaywan, kijana Deepak wa familia ya Wadomu anasomea uhandisi na anampenda msichana wa tabaka la juu. Usiku mmoja maiti za ajali ya basi zinaletwa ghati, yeye yuko kazini, na anaitambua pete iliyo kwenye kidole cha mmoja wao. Mikono ya mchomaji, ambayo Gardner alituonyesha ikifanya kazi bila jina, hapa ina jina na ina mpenzi. Na ukuta wa unajisi ambao filamu ya Gardner haikuweza kuuonyesha unasikika katika kila mazungumzo ya vijana hao wawili. Masaan ina udhaifu wake, kisa chake cha pili kinanyooshwa mno kuelekea mwisho, lakini pete ile imepatikana kwa uchunguzi wa kweli wa kazi ile.

Mji wenyewe, wakati huo, unaendelea kuandikwa upya. Hekalu la Kashi Vishwanath, ambalo Malkia Ahilyabai Holkar alilijenga upya katika karne ya 18, kwa muda mrefu lilifikiwa kwa vichochoro vyembamba. Hujaji aliligonga ghafla, kwa bega, kabla ya kuliona. Desemba 2021 ilifunguliwa njia pana kutoka mtoni hadi hekaluni, baada ya nyumba nyingi kubomolewa. Wazee wanafika kwa urahisi zaidi, na hilo si jambo dogo. Lakini ni badiliko la fani, na lipimwe hivyo: mji uliokuwa ukijificha mpaka mtu aingie sasa una uso unaoonekana wote kwa pamoja kutoka mashuani. Apu asingepata pa kuzurura.

Nikirudia filamu hizi huishia kumfikiria Sarbajaya. Baada ya kufiwa anaajiriwa kupika katika nyumba ya tajiri. Siku moja, akishuka ngazi za nyumba hiyo, anamwona mwanawe akimhudumia bwana wa nyumba, ameshaanza kuzoea utumishi. Hasemi kitu. Picha inayofuata ni treni, daraja lilelile, mto chini yake, na baada ya muda uwanda wa kijani wa Bengal dirishani. Watu huuza mashamba ili waje kufia Varanasi, kwa imani kwamba anayefia hapo haendi tena kuzaliwa upya. Yeye anaondoka ili mtoto wake asiwe mtumishi. Ray hauzomei mji kwa hilo wala hamlaumu mama. Anaonyesha tu kwamba ukingoni mwa mto mtakatifu kuna mtu mwenye sababu ya kuondoka, na katika dakika 90 za Gardner, zilizojaa wanaowasili na wanaobaki, mtu huyo sikumpata.